Umepona Kirusi, Ini Je?

SEHEMU YA 1

Nimetoka zamu ya usiku, watoto wameshaenda shule, chai iko pembeni inapoa, na leo nina hasira. Mtanisamehe mahali nitakapokuwa mkali. Wale mnaosubiri ile mada ya uji wa miezi sita, itarudi wiki ijayo.

Juzi kaja mama mmoja kliniki, mgongoni ana mtoto wa miezi minne. Hakukaa kwenye benchi na wenzake. Alisubiri mpaka foleni ikaisha, akanisogelea, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nesi, niache kumnyonyesha?"

Nikamuuliza kuna nini. Akatoa karatasi kwenye pochi. Kipimo cha homa ya ini aina ya C, jibu limezungushiwa wino mwekundu kwamba limeonekana. Alipimwa kwa ajili ya kazi mpya. Sasa sikilizeni: huyu dada aliwahi kuugua homa ya ini C kabla hajaolewa. Alitibiwa, alimeza vidonge wiki 12 bila kuruka hata siku moja, na miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho akapimwa kirusi chenyewe, hakikuonekana. Amepona. Kwa lugha ya kitabu, akifika hapo ndiyo tunasema amepona.

Lakini nyumbani kwake wiki ile mama mkwe kamtengea kikombe na sahani. Mume kahamia sebuleni. Shangazi wa mume kamletea chupa tatu za "kusafisha ini", shilingi 180,000, na bado anadaiwa 60,000. Na yeye mwenyewe, mama wa watu, alikuwa ameanza kumpa mtoto maziwa ya ng'ombe usiku kwa siri.

Huyu mama hana ugonjwa.

Ngoja nieleze taratibu maana hapa ndipo wengi mnapopotea, na baadhi yetu wenye sare nyeupe tunapotea pia. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako ulitengeneza kirusi kilipoingia. Mwizi anaweza kuwa ameshaondoka miaka kumi, nyayo zake bado ziko uani. Kipimo kile kinasoma nyayo. Kwa aliyetibiwa, nyayo hizo kwa kawaida zinabaki miaka na miaka, wengi maisha yao yote. Ili kujua kama mwizi yumo ndani ni lazima upime kirusi chenyewe, kipimo cha maabara kinachohesabu wingi wa virusi kwenye damu. Tena kuna watu ambao mwili uliwahi kukifukuza kirusi wenyewe, bila dawa, ndani ya miezi sita ya mwanzo. Shirika la Afya Duniani linakadiria ni kama 30 kati ya 100. Na hao wakipimwa kidole, nyayo zipo.

Kwa hiyo aliyemzungushia wino mwekundu na kumwambia "dada una homa ya ini" alisoma nyayo akapiga kelele za mwizi.

Mtasema mbaya hapa ni mama mkwe. Mimi nasema mbaya ni sisi. Tulimtibu dada wa watu, tukafurahi, tukampa mkono, akaondoka bila karatasi hata moja inayosema: huyu alitibiwa, kapona, kipimo cha kidole kitaendelea kuonyesha jibu hili, msimtishe. Karatasi moja tu! Angekuwa nayo kwenye pochi siku ile, kikombe chake kisingetengwa.

Na huyo ndiye mwenye bahati. Kesho nitawaeleza ambaye hakuwa nayo.

SEHEMU YA 2

Nilisema nitaandika kesho, zimepita siku mbili. Ukweli ni kwamba hii sehemu ni ngumu kwangu.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kliniki ya magonjwa ya ini katika hospitali nyingine, siitaji. Kulikuwa na mama wa makamo, mfanyabiashara wa vitenge, mcheshi balaa, kliniki nzima ilikuwa inamjua. Ukoo ulichangishana akapata dawa. Alipomaliza na majibu ya kirusi yakarudi safi, tulimpigia makofi. Mimi ndiye niliyemwambia kwa mdomo wangu huu: "Mama, umepona kabisa. Nenda nyumbani, usahau." Alinipa kitenge. Ninacho mpaka leo, sijakishona.

2023 nikamkuta wodini. Tumbo limejaa maji, macho ya njano, miguu myembamba kama ya mtoto. Picha ikaonyesha uvimbe mkubwa kwenye ini, umeshapita hatua ya kukatwa. Alikaa nasi siku 19.

Nilifungua faili lake la zamani. Kabla hajaanza dawa chembe sahani zake zilikuwa elfu 84, wakati kawaida huanzia elfu 150. Kwa mgonjwa wa homa ya ini C wa miaka mingi, hiyo ni kengele: ini lina makovu, bandama limekuwa kubwa, linazimeza chembe hizo. Maana yake siku ile tunampigia makofi, ini lake lilikuwa tayari limeshasinyaa. Ilikuwa imeandikwa. Ukurasa wa tatu. Hakuna aliyemwambia.

Kirusi kilipona kweli, hatukumdanganya hapo. Tulimdanganya kwenye neno "kabisa".

Elewa hivi. Homa ya ini C inakaa kimya. Mtu anaweza kuishi nayo miaka 20 akilima, akizaa, akicheza ngoma, na muda wote huo ini linachubuka na kupona, linachubuka na kupona, kila likipona linaacha kovu. Katika kila watu 100 wenye ugonjwa sugu, kati ya 15 na 30 ini lao huwa limeharibika kwa makovu ndani ya miaka 20. Dawa inakuja inamfukuza kirusi. Dawa hizi za sasa ni nzuri mno, zinaponya zaidi ya 95 kati ya 100. Lakini dawa ni ya kirusi. Kovu ni suala jingine. Kovu la kidogo linaweza kulainika na kufutika miaka inavyokwenda, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Kovu kubwa linapungua kwa wengine, kwa wengine halipungui, na hatari ya saratani ya ini kwa huyo mwenye kovu kubwa inashuka sana baada ya kupona, kwa takriban asilimia 70, ila haifiki sifuri. Ndiyo maana mtu wa namna hiyo anatakiwa kupigwa altrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6, maisha yake yote, hata kama anajisikia mzima wa kubeba gunia.

Miezi 6 haikuokotwa barabarani. Inatokana na kasi ambayo uvimbe wa ini hukua. Ukiukuta una sentimita mbili, kuna kukata, kuna kuunguza, kuna cha kufanya. Ukiukuta umejaza ubavu mzima, tunabaki na dawa za maumivu.

Yule mama alikosa altrasaundi nane. Nimezihesabu.

SEHEMU YA 3

Baada ya sehemu ya pili mmenitumia ujumbe mwingi, asanteni kwa pole. Ila kuna wenzangu wa kazi wawili wamenifuata pembeni wakasema naharibu. Nitawajibu hapa hapa mbele za watu, kwa upendo.

Wa kwanza kasema: "Dada unawatisha wagonjwa. Wakijua hata ukipona unafuatiliwa, watakata tamaa, hawatatibiwa."

Hapana. Kwanza, wengi wao hawahitaji kufuatiliwa maisha! Mtu aliyetibiwa mapema, ini halina makovu makubwa, hanywi pombe, hana sukari wala mafuta kwenye ini, huyo akipona amepona, aende zake akalee watoto. Kumwambia mtu huyo kwa maandishi kwamba ini lako ni zima ni zawadi. Anayetishika ni yule tunayemwacha gizani, kila akiumwa tumbo anadhani kirusi kimerudi. Tunawaweka wote kwenye kapu moja la "umepona, kwaheri", halafu mzima anaishi kwa hofu na mwenye kovu anaishi kwa kujiamini. Yaani tumegawa hofu kinyume.

Pili, jamani, tangu lini ufuatiliaji ukawa tusi? Mjamzito ana kadi. Mtoto ana kadi ya kliniki, ukiipoteza unasemwa mpaka uione. Mwenye VVU pale CTC ana kadi, ana namba, ana tarehe ya kurudi, asipokuja anapigiwa simu. Mfumo tunaujua, tumeujenga wenyewe na unafanya kazi. Aliyetibiwa homa ya ini C anaondoka na nini? Anaondoka na kumbukumbu ya makofi.

Wa pili kasema: "Hata tukiwaambia, hela ya altrasaundi kila miezi sita wataitoa wapi?"

Hili ni swali la haki na sina jibu lake lote. Najua bei. Najua mama anayepanga kati ya kipimo na ada ya mtoto. Lakini kukosa hela ni jambo la mgonjwa kuamua na familia yake, na jambo la sisi kupigania kwenye bima. Halitupi ruhusa ya kumfichia. Ukoo wa yule mama ulichanga hela ya dawa nzima. Unaniambia usingechanga ya picha?

Sasa jambo moja ambalo nataka mlikariri kama namba ya simu ya mama yako. Hali ya makovu inatakiwa ipimwe na kuandikwa KABLA ya dawa. Kuna hesabu rahisi, inaitwa FIB-4, haihitaji mashine ya kutoka mbinguni: umri wako, chembe sahani, na vipimo viwili vya ini, AST na ALT. Hospitali yoyote yenye maabara ya wastani inaweza. Ikizidi 3.25 kuna wasiwasi mkubwa wa makovu. Kuna na kipimo cha mashine kinachopima ugumu wa ini, kama unakifikia, vizuri.

Kwa nini kabla? Kwa sababu ukishapona, uchochezi unatulia, AST na ALT zinashuka, namba zinakuwa nzuri, na kovu liko pale pale limekaa kimya. Ukipima baada ya dawa tu unaweza kudanganywa na namba nzuri. Kwa hiyo karatasi za zamani, zile za kabla ya dawa, usizitupe. Usifungie maandazi. Ziweke pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Na aliyeko kwenye foleni ya kuanza dawa aulize swali moja zaidi: nimepimwa homa ya ini B? Hapa kwetu B ni nyingi kuliko C, na mtu anaweza kuwa nazo zote mbili. C ikiondoka, B iliyokuwa imelala inaweza kuamka kwa nguvu. Tangu 2016 Mamlaka ya Dawa ya Marekani ilitaka onyo hilo liandikwe kwenye dawa hizi. Kipimo chake ni cha dakika chache.

SEHEMU YA 4

Hii ndiyo ya mwisho. Nitajibu maswali yenu humu humu, siyo kwa mpangilio.

Mmoja kauliza, "Mwanangu alichanjwa homa ya ini, si yuko salama?" Mpenzi, ile iliyomo kwenye chanjo ya wiki 6, 10 na 14 ni ya B. Ya C haina chanjo mpaka leo. Chanjo ya B mpeleke, ni muhimu sana, ila usichanganye.

Kunyonyesha: homa ya ini C haipiti kwenye maziwa. Hata mama mwenye kirusi ananyonyesha. Tahadhari ni chuchu zikipasuka zikatoa damu, pumzisha titi hilo, kamua umwage, mpaka lipone. Na mama aliyepona hana hata tahadhari hiyo. Kikombe, sahani, kukumbatia, kulala kitanda kimoja, hakuna kinachoambukiza hapo. Damu ndiyo njia. Wembe, sindano, chale, vifaa vya kutogea masikio visivyochemshwa, mswaki wa kuazimana.

Mjamzito mwenye kirusi, mtoto anaambukizwa? Kama 6 kati ya 100, zaidi kidogo kama mama ana VVU pia. Maana yake 94 hawapati. Lakini mtoto asipimwe kingamwili kabla ya miezi 18, kwa sababu atakuwa amebeba askari wa mama yake, na utalia bure. Akikutwa na kirusi kweli, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linashauri watoto kuanzia miaka 3 watibiwe kwa dawa hizi hizi. Wewe unayepanga kuzaa, njia nzuri ni upimwe na utibiwe kwanza, ndipo ubebe. Dawa moja ya zamani inayoitwa ribavirini, kama uliwekewa, inadhuru mimba, na inabidi kusubiri miezi kadhaa baada ya kuimaliza. Muulize daktari kama ilikuwemo.

"Kikiondoka kinaweza kurudi?" Kile kilichopona harudi mtu kukiamsha. Ila unaweza kuambukizwa kipya, kwa sababu kupona hakukupi kinga. Ndugu zetu wanaojidunga wanalijua hili kuliko wengi, na hawastahili kufukuzwa kwenye matibabu kwa sababu hiyo. Nasema hivyo nikijua wengine hamtanikubalia.

Kuna aliyeandika kwamba huu ni ugonjwa wa wahuni. Nataka nikae hapa kidogo. Nchi iliyokuwa imebeba mzigo mkubwa kuliko karibu zote duniani ni Misri. Na ulipata vipi? Kuanzia miaka ya 1950 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali yao ilikuwa inapambana na kichocho, ugonjwa huu huu tunaoujua Kanda ya Ziwa, kwa kuwachoma wanakijiji sindano. Siyo sindano moja, ni mfululizo wake. Sindano zile zile zilirudiwa kwa mtu baada ya mtu. Wakulima, mama wa nyumbani, watoto wa shule. Walipanga foleni kwa utii wakatoka na kirusi mwilini. Leo kichocho tunatibu kwa vidonge, shukuru Mungu. Na Misri hiyo hiyo kati ya 2018 na 2019 ilipima takriban watu milioni 50 na kuwatibu waliokutwa nacho. Kwa hiyo ukimwona mtu mwenye homa ya ini C, huenda kosa lake lote ni kwenda hospitali siku aliyoitwa.

Chupa za kusafisha ini. Hapa sina adabu. Ini halioshwi. Ini lenyewe ndiyo dobi. Mchanganyiko wa mizizi usiojulikana kipimo chake, ukimpa mtu mwenye makovu, unaweza kumwangusha kabisa, na tunawapokea. Anayeuza kwenye makundi ya kina mama, mwambie nimesema. Kama unataka kulisaidia ini: acha pombe, yote, siyo "bia mbili za Jumamosi". Punguza uzito kama umezidi na tibu sukari, maana mafuta nayo yanachora makovu mapya hata kirusi kikiwa kimeondoka. Mahindi na karanga zenye ukungu usisage, hata kama ni za uji wa lishe na umeuziwa kwa bei poa. Sumukuvu haiishi kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mwenye makovu asijinunulie diklofenaki kila mgongo ukiuma. Kahawa, tafiti nyingi zinaonyesha wanywaji wana ini lenye afya zaidi, kwa hiyo bibi yangu wa Kagera alikuwa anajua kitu, ila msianze kunywa birika zima mkasema nesi katuma.

Na dalili za kukimbia hospitali, siyo kesho: kutapika damu, choo cheusi kama lami, tumbo kujaa, macho ya njano, kuchanganyikiwa.

Kilichobaki ni ninachokidai, na nimeshakipeleka kwa mkuu wangu wa idara kwa maandishi. Kila anayemaliza dawa atoke na karatasi moja yenye mambo manne: tarehe na jibu la kirusi baada ya dawa, hali ya makovu kabla ya dawa, kama anahitaji altrasaundi na tarehe ya kwanza, na sentensi kwamba kipimo cha kidole kitaendelea kuonyesha nyayo. Kanijibu kwamba tutajadili kwenye kikao. Mimi sijasubiri kikao. Nimenunua daftari, naandika kwa mkono, napiga muhuri wa kliniki, mgonjwa anaondoka nayo. Kama wewe au mzazi wako mlitibiwa miaka ya nyuma, rudini mlikotibiwa muombe faili lenu la kabla ya dawa. Wakikuuliza la nini, waambie unataka kujua ini lako lilikuwa hatua gani. Ni haki yako, usiondoke kwa "njoo wiki ijayo" mara tatu.

Yule mama wa mtoto wa miezi minne, mmeniuliza sana. Tulichukua damu, ikapelekwa kupimwa kirusi. Jibu limetoka Ijumaa: hakijaonekana. Faili lake la zamani kalipata, ini halikuwa na makovu ya kutisha, haitaji picha za kila mara. Alikuja kuchukua karatasi yake na mama mkwe wake, wamekaa benchi moja, mtoto kapakatwa na bibi. Mama mkwe kaisoma mara mbili, akaniomba nimwandikie nakala ya kwenda kumwonyesha mwanawe.

Wakati wanaondoka yule dada kageuka akaniuliza kama zile chupa tatu anaweza kurudishiwa hela yake. Nikamwambia hilo akamuulize shangazi.